Kura Yako Uingereza: Namna ya Kupima Chama, Kiongozi na Mgombea

Siku ya uchaguzi mkuu wa Uingereza utapewa karatasi moja ya kumchagua mbunge. Huku kwetu Mbeya tunapewa tatu, ya rais, ya mbunge na ya diwani. Kule ni hiyo moja, yenye majina ya wagombea ubunge wa jimbo unaloishi pamoja na vyama vyao. Anayetaka kuwa waziri mkuu hayumo, isipokuwa uwe unaishi jimboni kwake. Wanangu mlioko huko, lishikeni hili kabla ya jingine lolote. Wengi wetu tuliokulia Tanzania tunauingia uchaguzi wao macho yote yakiwa kwa mtu mmoja anayeonekana kwenye televisheni, halafu tunafika kituoni hatumjui hata mmoja kati ya tunaoombwa kuwachagua.

Nilifanya kazi ya uuguzi Leeds kwa miaka mingi kabla sijarudi Uyole, na nilipiga kura huko. Raia wa Tanzania anayeishi Uingereza kihalali ana haki hiyo kwa sababu nchi yetu imo katika Jumuiya ya Madola. Huhitaji pasipoti yao. Mwanafunzi mwenye viza, mhudumu wa wazee, muuguzi, dereva wa basi, wote wamo, alimradi ametimiza umri na kibali chake cha kukaa ni halali. Jirani yako Mjerumani au Mmarekani hana haki hiyo mpaka awe raia. Bado napigiwa simu na watu waliokaa kule miaka mitano hawajui kwamba wanaweza kupiga kura, na jambo hilo linaniuma, maana maamuzi kuhusu kodi yao, hospitali yao na viza yao yanafanywa na watu ambao wangeweza kuwachagua au kuwakataa.

Anza na jimbo lako

Kabla hujasoma ahadi ya chama chochote, tafuta matokeo ya jimbo lako ya mara iliyopita. Yapo kwenye tovuti ya Bunge na ya BBC. Unaweka postikodi yako tu, unapata jina la jimbo. Tazama nani alishika nafasi ya kwanza, nani ya pili, na walipishana kwa kura ngapi. Usirudi nyuma zaidi ya 2024 bila uangalifu, kwa kuwa mipaka ya majimbo mengi ilichorwa upya kwa ajili ya uchaguzi ule.

Bunge la Makabwela (House of Commons), ndilo unalolichagulia mbunge, lina viti 650. Katika kila jimbo anayeongoza anachukua kiti, hata akiongoza kwa kura moja. Kanuni hiyo tunaijua, ndiyo yetu pia. Tofauti ni kwamba kule hakuna viti maalumu vinavyogawiwa kwa kufuata jumla ya kura za chama nchi nzima, kwa hiyo kura isiyoleta kiti jimboni haina pa kwenda. Mkulima wa viazi wa Uyole ataielewa hesabu hii upesi: gunia likifungwa lumbesa, vile viazi vilivyorundikwa juu ya mdomo wa gunia havimwongezei mkulima hata shilingi. Chama kinachorundika maelfu ya kura pale ambapo kingeshinda tu kinafunga lumbesa.

Tazama yaliyotokea Julai 4, 2024. Labour walipata karibu asilimia 34 ya kura, wakaondoka na viti 411. Reform UK walipata zaidi ya asilimia 14, wakaambulia viti 5. Liberal Democrats walikuwa nyuma ya Reform kwa kura, asilimia 12 hivi, lakini walipata viti 72, kwa sababu kura zao zilikusanyika kwenye majimbo waliyoyafanyia kazi, hasa kusini mwa England. Na si jambo la jana. Mwaka 1951 Labour walipata kura nyingi kuliko Conservative nchi nzima na bado wakashindwa, Winston Churchill wa Conservative akarudi madarakani.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: hapa ninapoishi, pambano ni kati ya nani na nani? Kama wa kwanza anaongoza kwa kura elfu ishirini, piga kura kwa moyo wako, hata kwa chama kidogo, kwa maana vyama vikubwa huzisoma takwimu hizo baadaye na kuona watu wanaelekea wapi. Kama tofauti ni ndogo, fikiri mara mbili. Jimbo la Hendon, London, lilichukuliwa na Labour mwaka 2024 kwa kura 15. North East Fife, Scotland, mwaka 2017 liliamuliwa kwa kura 2. Penye pambano la namna hiyo Waingereza wengi hupiga kura ya hesabu: anamchagua chaguo lake la pili ili yule asiyemtaka kabisa asipite. Wapo wanaoiona kama usaliti wa imani ya mtu. Mimi sioni hivyo. Ukishajua utaratibu ulivyo, kuutumia ni haki yako, mradi uwe umeamua mwenyewe nani humtaki kabisa na kwa sababu gani.

Siku hizi kura zinagawanyika kwa vyama vitano au zaidi, na mshindi anaweza kuwa na kura kidogo mno. Liz Truss, aliyekuwa waziri mkuu, alipoteza kiti chake cha South West Norfolk mwaka 2024 kwa kura 630, na aliyemshinda alikuwa na chini ya asilimia 27 ya kura. Mahali kama hapo usikubali mtu akuambie kwamba kura yako haina kazi.

Utaletewa vipeperushi mlangoni vyenye mchoro wa nguzo, kimoja kikisema "hapa ni sisi tu tunaoweza kumwondoa fulani". Soma maandishi madogo chini ya mchoro. Mara nyingi namba ni za uchaguzi wa madiwani, au za jimbo la zamani, au nguzo zimechorwa ndefu kuliko namba zenyewe. Linganisha na matokeo uliyoyatafuta mwenyewe.

Chama au kiongozi?

Hapa ndipo ninapobishana na vijana wangu zaidi. Wanasema: "Shangazi, mimi nampenda yule," au, "Yule simwamini." Nawaambia kupenda ni sawa, lakini chama ndicho kinachobaki. Mwaka 2019, Desemba 12, Boris Johnson aliwaongoza Conservative wakapata viti 365. Waliompigia kura kwa ajili yake walikuwa naye hadi Septemba 2022. Akafuata Liz Truss, aliyetangaza kujiuzulu kabla hajatimiza miezi miwili, kisha Rishi Sunak. Mawaziri wakuu watatu kwa uchaguzi mkuu mmoja, na wananchi hawakuitwa tena kituoni mpaka 2024. Chama kinaweza kumbadilisha kiongozi katikati ya muhula na serikali ikaendelea. Sheria inaruhusu, na wamefanya hivyo mara nyingi.

Waingereza wenyewe wameshaonyesha kwamba wanaweza kuvitenganisha viwili hivi. Churchill aliheshimiwa sana vita vilipokwisha Ulaya mwaka 1945, na Julai mwaka ule ule wakampa Labour ya Clement Attlee viti 393. Walimshukuru kwa vita, wakataka chama kingine kiwajengee nyumba na hospitali. Mwaka 1979 James Callaghan, waziri mkuu wa Labour, alipendwa na wapiga kura kuliko Margaret Thatcher wa Conservative, lakini migomo ya majira yale ya baridi ilikuwa imekiondolea chama chake imani, na Thatcher ndiye aliyeingia.

Lakini kiongozi ana uzito wake, sikatai. Mwaka 2019 wapiga kura wengi wa Labour wa kaskazini mwa England waliacha chama cha wazazi wao, na pamoja na suala la kujitoa Umoja wa Ulaya, jina la kiongozi wao, Jeremy Corbyn, lilitajwa mlango kwa mlango. Theresa May, waziri mkuu wa Conservative, aliitisha uchaguzi mapema mwaka 2017 akitarajia kuongeza viti, kampeni ikamfichua, akapoteza wingi wake bungeni. Nionavyo mimi, kiongozi anakuonyesha chama kinavyofikiri. Chama kilichomchagua mtu huyu kimeona nini kwake? Nani amekaa kulia na kushoto kwake? Jina la anayetarajiwa kushika Hazina, la atakayeshika afya, la atakayeshika mambo ya ndani, yajue hayo matatu. Nyakati zote nilizofanya kazi wodini, uamuzi uliotugusa ulitoka kwa waziri wa afya na wa Hazina kabla ya kutoka kwa mtu mwingine yeyote.

Mtazame kiongozi mahali ambapo hawezi kusoma karatasi. Jumatano saa sita mchana, Bunge likiwa kwenye vikao, waziri mkuu huulizwa maswali na kiongozi wa upinzani. Tazama kikao kizima badala ya kipande kinachozungushwa kwenye simu. Midahalo ya televisheni ya viongozi ilianza 2010, na mwaka ule Nick Clegg wa Liberal Democrats aling'ara sana usiku wa kwanza, kila mtu Leeds akawa anamzungumza yeye. Kura zilipohesabiwa chama chake kilikuwa na viti 57, pungufu ya vile kilivyokuwa navyo. Mdahalo unakuonyesha utulivu wa mtu na namna anavyomjibu anayempinga. Kuhusu uwezo wa kuendesha serikali, rudi kwenye rekodi.

Na rekodi inayosema zaidi ni ya siku mbaya. Septemba 16, 1992 serikali ya John Major ililazimika kuitoa pauni katika utaratibu wa Ulaya wa kufunga pamoja viwango vya kubadilisha fedha baada ya kutumia mabilioni kuitetea. Conservative walikuwa wameshinda uchaguzi mwezi Aprili tu mwaka ule. Sifa yao ya kujua uchumi iliondoka siku ile, na mwaka 1997 Labour wakapata viti 418. Septemba 23, 2022 serikali ya Truss ilitangaza punguzo kubwa la kodi bila kuonyesha fedha zitatoka wapi, na riba za mikopo ya nyumba zikapanda. Mwenzangu wa zamani wodini alikuwa karibu kusaini mkopo wa nyumba. Benki iliufuta ule mpango, na alipopewa mwingine malipo ya mwezi yalikuwa juu zaidi. Watu wa namna yake hawakuhitaji kuelezwa uchumi mwaka 2024.

Kusoma ilani bila kudanganyika

Ilani za vyama hutoka wiki chache kabla ya kura, na zote hupatikana bure mtandaoni. Huna haja ya kusoma zote mwanzo hadi mwisho. Chagua mambo matatu yanayogusa maisha yako, uyatafute kwenye kila ilani, uandike maneno yenyewe kama yalivyo. Nasema maneno yenyewe kwa sababu ndani yake ndimo mambo yanamojificha. Mwaka 2024 Labour waliahidi kutoongeza bima ya taifa (National Insurance, mchango wa lazima unaokatwa kwenye mshahara, na mwajiri naye hulipa wake) kwa watu wanaofanya kazi. Oktoba ile wakatangaza kuongeza ile inayolipwa na mwajiri, kutoka asilimia 13.8 hadi 15. Wao wanasema ahadi haikuvunjwa, wapinzani wao wanasema imevunjwa, na wenye nyumba za kutunzia wazee wakakaa chini kupiga hesabu ya mishahara. Ungeisoma sentensi ile polepole ungeona mlango uliobaki wazi.

Ahadi nyingine huvunjwa waziwazi. Conservative waliandika mwaka 2019 kwamba watadumisha misaada ya nje kwenye asilimia 0.7 ya pato la taifa. Mwaka 2020 wakatangaza kuishusha hadi 0.5, wakitaja hali ya korona. Labour nao wakiwa serikalini walitangaza mwaka 2025 kwamba itafika 0.3 ifikapo 2027. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunaoona miradi ya maji na zahanati ikianzishwa na kusimama hatuwezi kuisoma mistari hiyo kama habari ya watu wengine, na mlioko huko ndio mnaoweza kumuuliza mgombea uso kwa uso.

Kila ahadi iulize mambo mawili. Fedha inatoka wapi? Kuna taasisi huru ya utafiti wa fedha za umma, Institute for Fiscal Studies, inayochambua ilani zote na kusema wazi hesabu zisipokaa sawa. Isikilize, maana huvikosoa vyama vyote. Pili, je, mamlaka hayo yako London? Afya na elimu za Scotland na Wales ziko chini ya serikali zao wenyewe. Mpwa wangu aliyeko Cardiff alitaka kumpima mbunge kwa foleni ya hospitali, nikamwambia hasira hiyo ni halali ila aiweke kwenye uchaguzi wa bunge la Wales. Viza, ulinzi na sehemu kubwa ya kodi, hayo ndiyo ya Westminster, yaani Bunge la London.

Mgombea mwenyewe

Usimruke huyu. Nilikuwa nikiishi Headingley, mtaa wa wanafunzi, ndani ya jimbo la Leeds North West kama lilivyokuwa wakati ule. Mwaka 2010 wagombea wa Liberal Democrats walitia saini ahadi ya kupinga kupandishwa kwa ada za vyuo vikuu. Wakaingia serikali ya mseto na Conservative, na Desemba ile Bunge likapitisha ada kupanda hadi pauni 9,000 kwa mwaka. Mbunge wetu, Greg Mulholland, alikuwa Liberal Democrat, na alipiga kura ya kupinga. Mwaka 2015 chama chake kilianguka kutoka viti 57 hadi 8. Yeye alirudi bungeni, katika jimbo lililojaa wanafunzi. Watu walikuwa wamefuatilia jina lake kwenye orodha ya kura.

Orodha hiyo unaweza kuiona. Tovuti ya TheyWorkForYou inaonyesha kila mbunge alivyopiga kura, alichosema, na mapato yake ya pembeni aliyoyatangaza. Kama mgombea ni mgeni, nenda kwenye mkutano wa wagombea. Mara nyingi hufanyika kanisani au ukumbi wa shule, wote wanakaa meza moja na wananchi wanauliza. Hutapewa kanga, fulana wala soda ya ushawishi. Kumlisha mpiga kura ili akupe kura ni kosa la jinai kule, na wanalichukulia hivyo.

Muulize mgombea atasikilizaje kero za watu. Wabunge wengi hutenga siku, mara nyingi Ijumaa au Jumamosi, ya kukutana na wakazi mmoja mmoja, na ofisi zao huiandikia wizara ya mambo ya ndani kufuatilia viza iliyokwama. Kwa mhamiaji hili linaweza kuwa na thamani kuliko hotuba zote. Binti wa kaka yangu alikaa muda mrefu bila jibu la kibali chake mpaka ofisi ya mbunge ilipoandika barua. Mbunge huyo hakuwa wa chama ambacho sisi tungekichagua, nami tangu hapo nimekuwa nikiuliza habari za ofisi ya mbunge kabla ya habari za rangi ya chama.

Uhamiaji: usidhani, hakiki

Wengi wetu huchukulia kwamba chama kimoja ni rafiki wa wageni na kingine ni adui. Hakiki kwa sheria zenyewe. Conservative walizuia wahudumu wa wazee kuja na wenza na watoto kuanzia Machi 2024. Labour walipoingia hawakuiondoa sheria hiyo, na Julai 2025 wakafunga kabisa kuajiri wahudumu wapya kutoka nje. Mwaka huo huo walipendekeza muda wa kawaida wa kusubiri kibali cha kudumu uwe miaka kumi badala ya mitano. Reform UK walitangaza kwamba wangekifuta kibali cha kudumu chenyewe. Vyama vinasogea, kwa hiyo jibu la uchaguzi uliopita usilibebe mpaka huu unaokuja bila kulichungulia tena. Na usiifanye viza kuwa kipimo pekee; watoto wako wanasoma shule za huko, na ghorofa unayopanga ina mwenye nyumba.

Kuhusu magazeti na utafiti wa maoni nitasema kwa kifupi. Televisheni na redio zinabanwa na sheria zisipendelee. Magazeti hayabanwi, na mengi hutangaza wazi yanamuunga mkono nani. Utafiti wa maoni ulikosea 1992 na 2015, ukawapa watu picha ya mbio za sare au bunge lisilo na mwenye wingi, na mara zote mbili Conservative wakashinda. Usiutumie kuamua kama uende kituoni.

Kujiandikisha na kwenda kituoni

Jiandikishe mtandaoni kwa namba yako ya bima ya taifa. Mwisho ni siku 12 za kazi kabla ya siku ya kura. Ukihama nyumba, jiandikishe upya kwa anwani mpya. Kama zamu yako ya kazi inagongana na siku yenyewe, omba kura ya posta mapema au mteue mtu unayemwamini akupigie kura kwa niaba yako. Uchaguzi unaofuata unapaswa kufanyika kabla ya mwisho wa Agosti 2029, ila waziri mkuu anaweza kuuitisha wakati wowote kabla ya hapo, kwa hiyo usisubiri tangazo.

England, Scotland na Wales sasa lazima uonyeshe kitambulisho chenye picha. Pasipoti ya Tanzania inakubalika kwa kuwa ni ya nchi ya Jumuiya ya Madola, hata ikiwa imeisha muda, mradi sura bado inafanana. Asiye na kitambulisho anaomba cheti cha bure cha mpiga kura, nacho kina tarehe yake ya mwisho kabla ya kura.

Vituo hufunguliwa saa moja asubuhi hadi saa nne usiku. Hakuna kuchovya kidole kwenye wino. Utapewa penseli, nawe waweza kutumia kalamu yako. Weka alama ya X moja tu, mbele ya jina moja. Ukikosea kabla karatasi haijaingia sandukuni, irudishe kwa msimamizi upewe nyingine. Na kama saa nne imekukuta uko kwenye foleni, usiondoke. Sheria inakuruhusu kupiga kura.